Mwaka wa Gari la Matangazo

Fundi Rajabu tumemzika Mkuyuni siku ya Jumatano, kwenye tope, mvua ikikataa kukatika. Nilipanda kutoka mjini na kikapu cha ndizi mbichi, maana msibani mtu haendi mikono mitupu, nikakaa uani na wanawake wenzangu tukamenya. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mluguru, na sisi tulitaniana tangu siku ya kwanza tuliyoonana, kwa hiyo wenye msiba walikuwa wananitazama mdomoni, wakingoja. Mtani msibani ana kazi yake. Anatakiwa alale njiani mwa jeneza, adai hiki na kile, awachekeshe wafiwa ili roho zishuke. Nimefanya hivyo kwenye misiba mingi na sijawahi kushindwa. Siku ile nilisema neno moja tu. Walipolinyanyua jeneza nikasema, "Mbebeni taratibu huyo, amechoka kubeba mizigo ya watu." Wakacheka sana, maana Wanyamwezi na mizigo ni utani wa zamani. Mimi sikucheka. Kulikuwa na mzigo wangu mmoja aliokuwa ameubeba karibu miaka hamsini, na nilitaka kujua kama aliutua mahali kabla hajafa. Binti yake mkubwa, Zuhura, alipokuja kunisalimu nikamshika mkono. Akasema, "Shikamoo mama. Baba alikuwa anakutaja. Anasema wewe ulikuwa na sauti kushinda pembe za gari." Nikamuuliza, "Akasema nini kingine?" Akasema hakuna kingine. Nikamwachia mkono, nikarudi kwenye ndizi zangu. Hakumwambia mtu. Basi sasa amebaki mmoja tu anayejua, na huyo ni mimi, na mimi nina sukari na pumzi fupi. Ndiyo maana naandika.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa unga wa njano. Waliokuwepo wanaujua. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka msimu uliotangulia, tukala ugali wa rangi ya manjano ulioletwa kwa meli, na watoto wakaulizana kama umechanganywa na mayai. Ulikuwa pia mwaka wa kushuka. Watu waliokaa mbalimbali milimani walitakiwa washuke barabarani, wakae pamoja kijijini, wapate shule na zahanati na bomba la maji. Sisemi jambo lote lilikuwa baya. Wanangu wamesoma katika shule ile, na wajukuu wa waliolia siku ile wamezaliwa katika zahanati ile. Lakini nani alimwuliza mtu kama anataka? Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimeishia darasa la nne kwa masista, na ofisi iliniajiri Mkuyuni niwapikie watu wa gari la matangazo. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa afisa, mtu wa mbali, kijana, viatu vyake vinang'aa hata kwenye masika. Alikataa tumwite bwana. "Mabwana wamekwisha," alisema, "mimi ni ndugu." Tukamwita Ndugu Afisa, lakini sahani yake ilitengwa peke yake, na mapaja ya kuku yalijua njia ya kwenda. Wa pili alikuwa Rajabu, dereva na fundi umeme wa magari, mtu wa Tabora, mfupi, mabega mapana.

Tulikaa katika duka lililofungwa. Mwenye duka alikuwa ameondoka, rafu zikabaki tupu, lakini mbao zilikuwa zimekunywa harufu ya karafuu na iliki za Matombo, hata chai ya rangi ukiinywea mle ilikuwa na ladha bila kutiwa kitu. Ndugu Afisa alilala chumba cha mbele, Rajabu alilala ndani ya gari, mimi nililala stoo ya nyuma, penye dirisha dogo la nondo. Kati yetu kulikuwa na kaunta ndefu, na kaunta hiyo ndiyo ilikuwa meza ya chakula, meza ya ofisi na meza ya fundi. Nimewahi kuwapakulia ugali kando ya dainamo iliyofunguliwa matumbo. Rajabu alinawa mikono kwa majivu, lakini grisi haikumtoka kwenye kucha, nikamwambia, "Mtani, huo mchicha unautia rangi." Akasema, "Bora mimi nina grisi ya kazi. Ninyi Waluguru mmezoea kupanda milima, mkifika tambarare bado mnatembea mmeinama, mtu anadhani mmepoteza sindano." Nikamwambia, "Na ninyi mmebeba mizigo ya watu mpaka vichwa vimekuwa bapa, kofia hazikai." Ndugu Afisa alikula akisoma makaratasi yake, akasema bila kuinua macho kwamba taifa halijengwi kwa utani. Rajabu akanong'ona, "Halijengwi kwa njaa pia, mwongezee ugali."

Gari lilikuwa landrova kuukuu. Juu ya paa walikuwa wamefunga pembe mbili za bati, midomo wazi kama maua ya maboga. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na amplifaya, sanduku la chuma lenye vitufe vitatu, na maikrofoni yenye waya wa kujikunja kama mkia wa nguruwe. Shida yake ilikuwa moja. Gari likisimama na kuunguruma taratibu, Ndugu Afisa alianza kuhutubia kwa sauti ya jogoo, akamalizia kwa sauti ya mgonjwa. Kila alipopaza, taa za gari zilififia. Baada ya muda mfupi betri ilikufa, na wananchi wale wale aliokuwa anawaamrisha wakaombwa walisukume gari. Watu walicheka kuanzia hapo hadi Matombo. Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya kicheko. Mzee mmoja aliitwa ofisini aeleze kwa nini hajashuka, akasema, "Wazee wangu, nilisikia mlio. Maneno sikuyasikia." Waliokuwepo wakatazamana. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa neno ambalo halikumfikia. Wakamwachia. Habari zikapanda milimani upesi kuliko moto wa majani, na wiki iliyofuata kila aliyeulizwa alikuwa amesikia mlio, maneno hakuyasikia. Ndugu Afisa akarudi dukani, akapiga kaunta kwa kiganja, sahani zikaruka. "Fundi! Nataka sauti ivuke mito. Nataka mlima wa mwisho usikie kila herufi, nione nani ataniambia hakusikia!"

Sasa nieleze kwa nini maneno hayo yalinigusa mimi. Mama yangu alikuwa mlimani. Nilikuwa nimemdanganya Ndugu Afisa kwamba mama amehamia Kingolwira kwa dada yake, naye akaandika hivyo kwenye daftari. Ukweli ni kwamba mama na majirani wachache, wazee watupu na wajukuu wao, walikuwa wamebaki kwenye mashamba ya juu, ng'ambo ya mto, barabara inapoishia. Kwetu shamba linafuata tumbo la mama. Mama alipewa na mama yake, naye alipewa na wake, na makaburi yote yako pale kati ya migomba. Aliniambia, "Mimi nikishuka, nani ataamini kwamba hapa ni kwetu?" Kwa hiyo walijificha. Walipikia kuni kavu tupu zisizotoa moshi, wakafunga jogoo ndani, na mimi niliwapelekea chumvi na viberiti kwa mkono wa mama mmoja muuza ndizi. Mambo yakaenda hivyo miezi minne. Rajabu nilimweleza. Sijui kwa nini nilimwamini, labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Alisikiliza, akasema tu, "Basi chumvi ukikosa, chukua ya kwenye gari, naiweka ya kuyeyushia tope la betri," na haikuwa kweli, betri haitiwi chumvi, alikuwa anainunua.

Kazi ya gari ilichukua karibu mwezi mzima, na mimi nilikuwepo kila siku, maana jiko langu lilikuwa hatua tano kutoka kwenye boneti. Rajabu alinieleza kwa lugha ya bustani. "Mtani, wewe una mfereji mdogo na matuta kumi. Tuta la mwisho linapata nini?" Nikasema halipati kitu. "Basi dainamo ndiyo mfereji. Gari likisimama inatoa matone. Pembe zinataka mto." Akaenda Kingolwira, karibu na stesheni, kulikokuwa na lori lililopinduka, akarudi na altaneta ndani ya gunia la mkaa, amelikumbatia kama mtoto. Altaneta, alisema, inachaji hata gari likisinzia. Lakini haikukaa mahali pa dainamo, masikio yake yalikuwa mapana, ikabidi aende kwa mhunzi wa majembe wa Matombo amtengenezee kishikio kwa kipande cha springi ya lori. Mkanda ukawa mfupi, akatafuta mwingine. Kisha akagundua kwamba gari lile lilifungwa kwa mtindo wa zamani, waya wa chanya ndio uliokwenda kwenye bodi, na altaneta inataka hasi ndiyo iende kwenye bodi. "Nisipogeuza," alisema, "nitaunguza kila kitu kabla hujamaliza kusema ndugu wananchi." Akang'oa waya zote. Alinipa kopo la rangi nyekundu na unyoya wa kuku, nikapaka kila ncha ya chanya, naye akanifuata nyuma anakagua kama mwalimu. Akafunga betri ya pili ndani ya sanduku la mninga chini ya kiti cha abiria. Akavuta nyaya nene za mashine ya kuchomelea, unene wa kidole gumba, kutoka kwenye betri hadi kwenye amplifaya. Mwisho akakwangua rangi ya bodi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akafunga hapo waya wa kwenda kwenye bodi, ule mafundi wanaouita ethi. "Hapa ndipo uchawi wote," aliniambia. "Nati hii ikilegea, altaneta ni bure, betri mbili ni bure. Sauti inakuwa ya mbu."

Siku ya kujaribu, Ndugu Afisa alisema maneno yake kwa Kiswahili, kisha akanipa maikrofoni. Alikuwa ameambiwa niliimba kwaya misheni, na Kiluguru hakijui hata salamu. "Wewe rudia kwa lugha yao." Nikarudia. Taa za gari hazikufifia hata kidogo. Sauti ikatoka, ikagonga mlima, ikarudi kwangu, nikaisikia mimi mwenyewe nikiwaambia watu, kubwa, imenyooka, haina woga. Wanawake sokoni waliacha kupima nyanya. Watu wazima walisimama. Sikuwahi kabla ya hapo kusema neno likasimamisha mwanaume barabarani. Nitasema ukweli, maana nimefika umri ambao uongo hauna faida: nilipenda. Usiku niliwaza ile sauti kama msichana mwingine anavyowaza gauni. Ndugu Afisa akasema nikiendelea hivi ataniombea kazi ya kudumu, na watu wakaanza kuniita kwa jina la gari, Perpetua wa Pembe, nami nikaitika.

Ndipo mvua za masika zikaja kwa hasira. Ulalo wa magogo uliovuka mto kwenda kwetu ukachukuliwa na maji, na yule mama muuza ndizi akashindwa kupita. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wiki ya tatu nilikuwa sokoni nanunua kunde, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu wanazungumza huku wanafunga mafungu. Mmoja alisema, "Mlima umekatika kule juu." Mwenziwe akauliza, "Upande upi?" "Ule wa ng'ambo ya mto. Wanasema udongo umeshuka na migomba yake, nyumba zimefukiwa." "Si wameshahama wale?" "Wangekuwa wamehama ningelia?" Nikageuka kuwauliza, wakaniona ni nani, wakanyamaza, mmoja akaanza kuita wateja kwa nguvu. Mtu wa gari hapewi habari za mlimani. Nililipa kunde nikaziacha pale pale kwenye meza.

Kesho yake asubuhi Ndugu Afisa akatangaza tunakwenda ng'ambo ile ile. Amebakiza mlima mmoja tu, alisema, nao akiusomea tangazo, kazi imekwisha. Asiyeshuka baada ya hapo nyumba yake itaezuliwa. Alipoingia kuvaa viatu, Rajabu akaniita kwenye boneti. Alikuwa na spana mkononi. Akasema bila utani wowote, "Dada, nikilegeza nati hii robo tu, sauti haivuki mto. Nitasema unyevu. Hakuna atakayejua. Sema." Niliitazama ile nati. Kichwani nilijiambia kwamba hakuna hatari, mama hawezi kuitikia tangazo la serikali, watanyamaza kama walivyonyamaza miezi yote. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jingine: sikutaka sauti yangu iwe ya mbu mbele ya milima ya kwetu. Nikasema, "Kaza." Akanitazama kidogo, akakaza.

Tulifika mchana, jua limetoka, mlima unatoa mvuke. Barabara iliishia penye maji, ulalo umekwenda. Ng'ambo niliona kweli kovu jekundu la udongo limeshuka ubavuni, refu, limepita karibu sana na migomba yetu, lakini kutoka pale chini sikuweza kuona kama limeigusa nyumba. Hapakuwa na mtu, wala moshi, wala jogoo. Ndugu Afisa akasoma. Mimi nikarudia kwa Kiluguru, maneno yote, shule, zahanati, bomba, siku ya mwisho, na kuezuliwa. Sauti ilivuka mto kama hakuna mto. Ikapanda, ikagonga mwamba wa juu, ikarudi. Kisha kimya. Tukangoja. Ndugu Afisa akachungulia kwa kiganja juu ya macho, akasema, "Hakuna mtu hapa. Kama walikuwepo wamehama." Akafungua daftari, akaandika, nikaona kwa macho yangu kalamu ikipiga mstari chini, akalifunga. Kisha akatelemka mtoni kuosha viatu vyake, vilikuwa vimeingia tope. Rajabu akashusha pumzi. Kwa upande wa serikali mama alikuwa amepona. Ilibaki tu kuzima gari na kuondoka.

Lazima mjue tunavyoitana milimani. Kutoka mlima hadi mlima mtu hapigi hodi, anaita. Mzimu huita mara moja. Mgeni huita mara mbili. Wa damu yako huita mara tatu, na akiita mara tatu huwezi kunyamaza. Ukinyamaza ujue umemwambia umekufa. Na kipindi cha mvua kubwa anayeitikia haitikii kwa ajili yake peke yake. Anawataja wote waliopo, mmoja mmoja, ili aliyeita asilale na wasiwasi wa mtu yeyote. Hayo nimenyonya na maziwa. Niliyajua mkono wangu ulipochukua tena ile maikrofoni? Niliyajua. Nililitazama lile kovu la udongo, nikaona migomba imelala kifudifudi chini yake, na sikuwaza gari wala daftari. Nikaita, "Mamaa! Ni Petua!" Rajabu akageuka upesi kwenye kiti. "Dada, acha." Nikaita mara ya pili. Akanishika kifundo cha mkono, lakini alikuwa mtu mpole, hakushika kwa nguvu. Nikaita mara ya tatu.

Akaitika. Sauti ya mama haikuwa na betri, haikuwa na pembe, lakini ilishuka ule mlima safi kama maji. Akatokea juu ya jiwe, mdogo kama kidole, anapunga kanga. Alisema yupo. Kisha akaanza kuhesabu, kama alivyofundishwa na mama yake, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto. Mzee Lukas yupo, mguu unamsumbua. Mzee Kibwana yupo na mkewe. Mama Dita yupo, na wajukuu wake wawili. Bibi Tekla yupo, ameokolewa kwenye udongo, mzima. Rajabu aliruka kwenye usukani akakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likanguruma kama linataka kupasuka, akaigandamiza honi. Pale mtoni Ndugu Afisa alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. "Zima gari!" alipiga kelele. "Zima gari nasema!" Rajabu akazima. Na mama, aliyekuwa amedhani kelele zile ni za gari tu na kwamba sikumsikia vizuri, akaanza upya. Alirudia majina yote. Ndugu Afisa hakujua neno moja la Kiluguru, lakini jina ni jina. Alilifungua daftari juu ya goti lake lililolowa, akaandika, mpaka la mwisho.

Mgambo walipanda siku ya tatu. Sikwenda. Nilibaki dukani, nikapika maharage, yakaungua. Waliezua nyumba zote tano, wakawashusha wazee, Mzee Lukas amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Ndugu Afisa alinishika bega mbele ya watu akasema nimefanya kazi ya kizalendo, wala uongo wangu wa Kingolwira hakuutaja, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, kila mtu aliamini ilikuwa mbinu yake, kwamba aliniamuru nimwite mama yangu. Sikumkatalia mtu. Rajabu aliulizwa kwa nini alikanyaga mafuta. Akasema altaneta ilikuwa haichaji. Fundi aliyeijenga kwa mikono yake akaitukana kazi yake mwenyewe ili asinitaje. Wakamwondoa kwenye gari. Alibaki Mkuyuni akitengeneza redio na tochi, akaoa hapo hapo, akafia hapo hapo. Mimi nilibaki kazini hadi mwisho wa mwaka. Nilihitaji kazi.

Kijijini walimpa mama chumba kimoja katika nyumba za mstari, ukuta wa fito, bati jipya linalopiga kelele mvua ikinyesha hata huwezi kusali. Majirani hawakunilaumu mimi. Mtu wa serikali, walisema, anafanya anachoambiwa. Walimlaumu yeye. Bombani mama akipita, mwanamke mmoja alikuwa anawaambia wenzake kwa sauti, "Fichueni ndoo, jamani, msifichue majina." Wakacheka. Mzee Lukas alikufa kabla ya mwaka kwisha, na mke wa Mzee Kibwana alikataa kupokea unga aliouleta mama msibani. Mama akaurudisha nyumbani. Lakini kwenye jumuiya, walipokuwa wanawaombea wagonjwa, kila mtu anataja wake, yeye alikuwa anainamisha kichwa na kusema tu, "Na wengine wote, Bwana." Hakutaja tena jina la mtu mbele za watu mpaka amekufa.

Siku moja, Jumapili mchana, nilimkuta Rajabu kwa mama, amekuja kumfungia komeo la mlango. Mama alikuwa amechemsha mihogo na kuweka chai ya mchaichai. Tukakaa watatu, magoti yanagusana, maana chumba kilikuwa hakitoshi. Mama alimenya muhogo kwa kidole, akauliza kama anauliza bei ya chumvi, "Petua. Siku ile. Walikutuma?" Rajabu aliacha kutafuna. Niliona mikono ya mama, ina udongo wa shamba ambalo si lake. Nilijua nikisema hapana, atajua kwamba majina yale yote yalimwagika bure, kwamba hapakuwa na amri, hapakuwa na bunduki, palikuwa na mtoto wake tu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Walinituma." Rajabu alinitazama, kisha akatazama muhogo wake. Mama akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi. Mjumbe hauawi." Akanisogezea kipande kikubwa.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, nikamwosha, nikamlisha, nikamfumba macho, na sikusema. Rajabu alikutana nami sokoni mara nyingi tu, akanitania mgongo na milima, na hakusema. Sasa wote wawili wamelala, na watoto wangu wanaponisifu kwa wajukuu, wanasema bibi yenu aliteswa na watu wa serikali, alilazimishwa. Nataka wasome hapa. Mama, hakuna aliyenituma. Tangazo lilikuwa limekwisha, daftari lilikuwa limefungwa, na yule bwana alikuwa mtoni anaosha viatu.